Mama Kiganja na Kopo Jekundu

Katika kantini ya kiwanda cha magodoro hakuna sufuria iliyotoka jikoni bila idhini ya Mama Kiganja. Jina hilo alipachikwa na wafanyakazi kwa sababu ya namna yake ya kuonja. Kijiko hakukitaka. Alichota mchuzi kwa upawa, akadondosha matone mawili matatu katikati ya kiganja cha kushoto, akayapuliza, akayalamba, akafumba macho. Jiko zima lilinyamaza. Kisha akapiga meza makofi mawili, pa, pa, na hapo ndipo dirisha la kugawia chakula lilipofunguliwa. Akipiga kofi moja tu, basi kuna kitu hakijakaa sawa, na mwenye kosa alijulikana papo hapo, maana mama huyu hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona.

Basi akaugua mafua. Yalikuwa mafua ya kumlaza mtu chali, na alipoinuka kitandani pua ilikuwa imefunguka, nguvu zimerudi, ila ladha ilikuwa imekwenda zake. Siku ya kwanza kazini alidondosha mchuzi kiganjani, akaulamba, akasikia joto tu, kama mtu aliyelamba maji ya kuogea. Alifumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akapiga meza makofi mawili, na chakula kikatoka.

Alijiambia kwamba ni mabaki ya ugonjwa, yatapita. Msimu ukageuka, hayakupita. Hakumwambia mtu. Chumvi aliitia kwa mazoea ya mkono, vitunguu alivihukumu kwa rangi na kwa mlio wao ndani ya mafuta, na kila mchana alilamba kiganja kisichomwambia lolote. Mpishi mkuu asiyeonja hana kazi, hilo alilijua vizuri. Na alijua pia jinsi kiwanda kile kinavyomuaga mtu: unaitwa uwanjani, unapigiwa makofi, unapewa godoro jipya lililofungwa nailoni, na kesho yake jina lako halimo kwenye zamu. Mama Kiganja hakulitaka godoro. Usingizi wake ulikuwa mzuri tu kwenye godoro alilokuwa nalo.

Mtu mwenye siri huanza kuona wengine wote wana siri. Alimshuku muuza sabuni, kwamba siku hizi anauza vipande visivyo na harufu. Alimshuku muuza vitunguu. Alimshuku hata mumewe, fundi saa, mzee mtaratibu ambaye zamani alikuwa akimaliza sahani na kuomba tena. Sasa mzee anakula nusu, anashushia na bilauri ya maji, anakula tena, anashushia tena, na akiulizwa anasema, "Chakula kitamu, mke wangu." Si bure, aliwaza Mama Kiganja. Huyu anakula kwingine.

Lakini aliyemkosesha raha hasa alikuwa mpishi msaidizi, mwanamke wa makamo waliyemwita Kimya.

Kimya alifika kiwandani wakati mafundi kutoka Korea walipokuja kufunga mashine mpya za sponji. Aliajiriwa awapikie katika nyumba yao ya wageni, na kwa kuwa walikuwa watu wa kupenda chakula cha kwao, walimfundisha. Walipoondoka, kiwanda kikamhamishia kantini. Alikuja na visu vyake viwili, kitambaa cha kichwa, na kopo kubwa jekundu lenye rojo la pilipili iliyochachushwa kwa soya. Kopo hilo aliliweka kwenye rafu ya juu, nyuma ya mifuko ya unga. Nani anaficha kitu halali nyuma ya unga? Mama Kiganja aliliona siku ileile na hakulisahau.

Kwa muda mrefu kopo lilikaa tu. Kisha, muda si mrefu baada ya yale mafua, Kimya akafungua mdomo.

"Mama, naomba nijaribu kuchoma mboga. Hawa watu wanaziacha kila siku."

Ilikuwa kweli. Watu wa kiwandani walikula nyama na wanga, na boga na karoti zilirudi dirishani zikiwa zimesukumwa pembeni mwa sahani. Lakini ukweli haumfanyi mtu aaminike.

"Boga linachemshwa," alisema Mama Kiganja. "Tangu lini boga linachomwa? Linakosea nini?"

Msimamizi, kijana mwembamba ambaye kila mara alikuwa na vipande vya sponji nyweleni, alikuwa amesimama mlangoni. "Aaa, mwache ajaribu, Mama. Hatupotezi kitu."

Walikuwa wamepanga. Mama Kiganja hakuwa na shaka yoyote. Akageuza mgongo, akaanza kukata kabichi kwa hasira, na tangu siku hiyo kila Kimya alipochoma mboga zake yeye aligeuza mgongo vilevile. Aliona vipande vikikatwa: koliflawa, karoti, boga, bilinganya, vitunguu vya robo robo. Aliona sosi ikichanganywa kwenye bakuli, rojo jekundu, asali, mchuzi wa soya, siki kidogo, kitunguu saumu na tangawizi iliyokunwa. Kilichofuata hapo hakukiona, maana ndipo alipogeuka kwa dharau. Alichosikia ni mlango wa oveni ukifunguka na kufungwa, na baadaye trei zikitoka zikichirizika wekundu, na Kimya akizinyunyizia ufuta.

Mboga zikaliwa. Hilo ndilo lililomuuma. Mafundi wa mashine, watu wazima wenye watoto wanaosoma, walifuta sahani kwa vidole. Wengine walirudi dirishani kuuliza kama kuna koliflawa iliyobaki. Koliflawa!

Siku moja Kimya alipokwenda stoo, Mama Kiganja alisogea kwenye bakuli. Lengo lake lilikuwa kujua adui anatumia silaha gani. Alidondosha tone kiganjani, akalamba, akafumba macho kwa mazoea tu.

Ulimi ukawaka moto. Moto ukapanda hadi paa la kinywa, ukashuka kooni, macho yakamtoka machozi. Hakusikia utamu wala harufu, lakini alisikia kitu, kitu cha kwanza tangu alipougua, na furaha ilimpiga kifuani hata akashika ukingo wa meza. Furaha haikukaa. Kwa nini chakula chote cha dunia kimemnyamazia, na hiki cha kwenye kopo la kufichwa kimemjibu? Ametia nini humu?

Alipofumbua macho, Kimya alikuwa amesimama mbele yake na mfuko wa ufuta mkononi, anamtazama sana.

"Umesikia, Mama?"

"Nisisikie kwa nini? Mimi kiziwi?"

"Hapana, Mama. Nimeuliza tu."

Swali lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Umesikia? Hakuna mtu anayemuuliza mpishi mkuu kama amesikia ladha ya chakula. Yule anajua, aliwaza. Anajua, na ananichimba.

Tangu hapo alikaa chonjo. Kioo cha mlango wa oveni kilikuwa kimemfaa kwa miaka mingi kurekebishia kitambaa chake cha kichwa. Sasa kilimfaa kwa jambo jingine. Alisimama akijifanya anahesabu vijiko, na ndani ya kioo akaona jambo lililomkata maini: Kimya anasogelea sufuria kubwa ya supu, supu ya Mama Kiganja mwenyewe, iliyokwisha kuonjwa na kupigiwa meza. Anachota, anaonja, anatazama kushoto na kulia. Kisha anachukua jagi la maji ya moto na kumimina ndani haraka haraka, anatumbukiza kiazi kilichomenywa, anakoroga, anaondoka anajifuta mikono.

Ananiharibia supu, alisema Mama Kiganja moyoni. Anaimwagia maji ionekane chapwa, halafu waseme Mama amezeeka.

Angeweza kumkamata palepale. Lakini angemwambia nini? "Umeharibu ladha"? Na kama Kimya angejibu, "Basi onja, Mama, uniambie imepungukiwa nini," mbele ya jiko zima? Alihesabu vijiko upya.

Maneno mengine aliletewa na muosha vyombo, mwanamume wa umri mkubwa ambaye kila mtu alimwita Mjomba, na ambaye masikio yake yalifanya kazi kuliko mikono.

"Mdogo wako ameitwa ofisini tena," alisema akiwa amezama kwenye beseni la mapovu.

"Mdogo wangu nani?"

"Kimya. Ameitwa juzi, leo tena. Mlango umefungwa. Mimi simo."

"Wanaongea nini?"

"Nimeshakwambia simo." Akasuuza sahani. "Ila nimesikia wakitaja jiko. Na chumvi. Na jina lako, kidogo."

Jina lake, kidogo! Mchana ule Mama Kiganja alijipa safari ya kwenda stoo ya nje kupitia ukumbi wa ofisi, ingawa stoo ina mlango wake wa karibu. Mlango wa Msimamizi ulikuwa umefungwa. Pembeni yake, limeegemezwa ukutani, lilikuwepo godoro jipya lililofungwa nailoni, na nailoni imefungwa utepe.

Jioni hiyo hakula. Mumewe alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa kwenye kitambaa, lenzi jichoni.

"Chakula changu kina nini?" aliuliza ghafla.

Fundi saa akatoa lenzi taratibu. "Hakina kitu."

"Kwa hiyo maji yote hayo ni ya nini? Una moto tumboni?"

Mzee alimtazama, akaona leo hakuna pa kukwepea. "Mke wangu, mimi nimekula chumvi nyingi duniani. Lakini kwa kiasi cha mwaka huu, tutafukuzana."

Angecheka siku nyingine. Aliinuka akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani. Kumbe hata mkono umesahau, aliwaza, na hofu ikamshika barabara. Mkono ndio uliokuwa umembakia.

Kesho yake Msimamizi alipita asubuhi na kutangaza kwamba mchana atakula nao, yeye na mkuu wa kiwanda, na wangependa zile mboga. "Baada ya chakula tutaongea mambo ya jiko," aliongeza bila kumtazama mtu machoni. Kisha akamwita Kimya, wakatoka pamoja.

Mama Kiganja alibaki na ubao, kisu, na mawazo mabaya. Kimya alikuwa ameshakata mboga, ameshazipaka mafuta, amezitandaza kwenye trei nyingi kwa nafasi nafasi, kana kwamba trei zinaokotwa barabarani. Bakuli la sosi lilikuwa limefunikwa kwa sahani. Oveni ilikuwa inapata moto.

Nikizitoa mimi, aliwaza, zitakuwa zangu. Mkuu wa kiwanda atakula kutoka mkononi mwangu, na lile godoro atapewa mwingine. Kwani kuna uganga gani? Mboga, sosi, moto.

Akakusanya mboga zote akazijaza kwenye trei mbili zilizoshiba, maana hakupenda upuuzi wa kuchafua vyombo. Akafunua bakuli akamimina sosi yote, akachanganya kwa mikono mpaka kila kipande kikawa chekundu. Akaongeza asali kwa moyo mkunjufu. Akasukuma trei ndani, akazungusha moto hadi mwisho, akafunga mlango. Kisha akageukia sufuria zake, na mvuke wa wali na supu ukamzunguka kama kila siku, akaanza kukata kabichi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia ni mwenye jiko.

Asali haisubiri. Wajuao kazi hiyo huchoma mboga kwanza zikiwa kavu na zenye nafasi, mpaka ziive na kushika rangi pembeni, ndipo huzipaka sosi na kuzirudisha kwa dakika chache tu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanyika kila alipogeuza mgongo. Sasa sosi iliyotiwa mapema ilichemka, ikakauka, ikaungua chini na juu, na katikati mboga zilizorundikana zikatokota katika maji yake. Harufu ilijaza jiko, ikapita dirishani, ikaingia ukumbini. Harufu ya asali iliyoungua pamoja na pilipili ni ya kumtoa mtu aliyelala. Mama Kiganja, hatua mbili kutoka kwenye oveni, alifuta macho yaliyomwasha akidhani ni mvuke, akaendelea kukata kabichi na kuimba kidogo.

"Mama! Mama, moto!" Mjomba aliingia mbio ameziba pua na aproni, anakohoa. "Husikii?"

Aligeuka. Moshi ulikuwa unatoka pande zote za mlango wa oveni, na kupitia kioo chake kipenzi haukuonekana ila weusi. Nyuma ya Mjomba walikuwa wameingia wapishi wengine, macho yanawatoka machozi, kila mtu kitambaa puani. Yeye peke yake alisimama bila kuziba pua, kisu mkononi, kama mtu asiyesikia harufu yoyote.

Wote waliona. Aliona kwamba wameona.

Kimya alipenya katikati yao, akazima gesi, akafungua madirisha, akavuta trei na kuzitupa kwenye sinki, zikachachatika. Halafu Msimamizi akatokea mlangoni na leso mdomoni.

"Nani ameunguza?"

"Mimi," alisema Kimya, haraka, bila hata kugeuka. "Nilisahau kupunguza moto, bosi."

"Wewe tena? Juzi chumvi, jana chumvi, leo moto. Nimekuita ofisini mara ngapi kwa chumvi, Kimya? Kila mara unasema mimi, mimi, sitarudia. Sasa nifanye nini na wewe?"

Mama Kiganja aliweka kisu chini. Alimtazama yule mwanamke mwenye masizi mikononi, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake upya, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma kuliko lile rojo. Jagi la maji ya moto. Kiazi kwenye supu, cha kunyonya chumvi. Mlango uliofungwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani sakafu ifunguke. Mtu amekuwa akikaripiwa kwa ajili yake, naye akimhesabia dhambi kwenye kioo.

"Mwongo huyo," alisema.

Akapiga hatua, akasimama kati ya Msimamizi na Kimya.

"Chumvi ni mimi. Moto ni mimi. Sisikii harufu wala ladha, tangu nilipougua. Chote mlichokula tangu wakati ule, mimi sikukionja. Nililamba mkono tu." Sauti yake, ambayo haikujua kunong'ona, ilishuka mpaka ikawa ndogo. "Nendeni mkalilete hilo godoro."

"Godoro lipi?" Msimamizi aliuliza.

"Lile la utepe."

"La dereva wa lori lile, Mama. Anastaafu." Akatoa leso mdomoni, akakohoa, akamtazama Kimya, akamtazama yeye. Alionekana kijana sana. "Mkuu amekaa mezani anasubiri chakula. Mtu aniambie nani anaonja leo. Mengine tutaongea baadaye, na tutaongea kweli." Akaondoka.

Wapishi wakarudi kwenye sufuria zao kwa adabu ya ghafla. Mama Kiganja akamsogelea Kimya.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku uliyorudi, Mama. Ulifumba macho sana."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani itarudi. Pilipili haitaki pua, ndiyo maana nililitoa lile kopo. Nilitaka uwe na kitu kimoja unachokisikia."

Kutaka kulia kulimjia, na kwa kuwa madirisha yalikuwa bado yana moshi, alilia kidogo bila kuulizwa. Kisha akajifuta kwa aproni, akavuta trei safi.

"Haya, kata nyingine. Na leo sigeuzi mgongo."

Zilipoiva kavu, na sosi ikapakwa, na zikarudishwa na kutolewa ziking'aa, ilibaki supu. Mama Kiganja alichota kwa upawa. Akashika mkono wa kushoto wa Kimya, akaugeuza, akadondosha matone katikati ya kiganja chake, akayapuliza yeye mwenyewe.

"Onja. Fumba macho."

Kimya akalamba, akafumba macho. Jiko zima lilisubiri.

"Chumvi bado kidogo, Mama."

"Bado?" Mama Kiganja alimkazia jicho la pembeni, lilelile la siku zote. "Una hakika? Usinitege."

"Nina hakika."

Alimtazama tena kwa muda. Kisha akasogeza kibuyu cha chumvi mbele ya Kimya, akarudi nyuma hatua moja, na mkono wake ukabaki umeinuliwa juu ya meza, unangoja kuambiwa upige.